Kibali chenye Jina Langu

Jumapili, Shanwe. Miaka hamsini na tatu tangu nivuke mto Malagarasi kukimbilia Tanzania.

Mjukuu wangu Neema ametengeneza kibali cha kurudi Burundi, cha mchezo wa mezani ambamo yeye na wenzake wanaigiza wakimbizi. Kwa kompyuta ameipa karatasi mikunjo na doa la chai.

"Babu, muhuri umekaa sawa?"

"Umenyooka mno. Karani wetu kambini aliugonga kiupande."

"Kumbe alikuwa mlevi!"

Kisha nikaona ametumia jina langu. Karani yule wa kambi aliniandika Lulihose, na vyeti vyote vikamfuata. Neema ameandika Rurihose, kama alivyonipa baba.

Karatasi ya kwanza kuniandika sawa ni ya bandia. Nikamwambia aweke L ya karani, ifanane na karatasi za kweli.

Hata kwa kibali cha mchezo, sitarudi Burundi.