Kinga Isiyoshika Ukuta

Jumatatu, 3 Februari
Kupura ndengu tangu asubuhi. Mchana nimemsindikiza Susu, nyanya yangu, kituo cha afya kumtafsiria kwa Kikamba. Watafiti waliopima damu yake wameleta majibu. Daktari alisema Susu alizaliwa na jeni iliyobadilika. Kimeng'enya kinachozima kemikali haribifu mwilini ni kingi sana katika damu yake. Akaendelea, kitu kuhusu kuta za mishipa. Sikuelewa. Niliona haya kuuliza. Nikamwambia Susu: kinga imejaa kwenye damu yako. Alifurahi mno.

Jumapili, 9 Februari
Susu ametoa ushuhuda kanisani. "Bwana asifiwe! Damu yangu imejaa kinga! Mjukuu wangu ndiye aliniambia!" Makofi. Pasta akanisimamisha. Nikatazama viatu.
Jioni nimekuta dawa zake za presha hazijaguswa. "Za nini sasa?" akasema.

Jumanne, 11 Februari
Nimerudi kumuuliza daktari. Kimeng'enya hicho hupaswa kushikamana na ukuta wa mshipa, kiulinde pale pale. Cha Susu kinafanya kazi vizuri, ila sehemu yake ya kushikia imebadilika. Kinabanduka, kinaelea kwenye damu. Ndiyo maana ni kingi humo, na ukuta umebaki bila mlinzi. Moyo wake uko hatarini zaidi ya wengine. Dawa asiache kabisa.
"Kwani hukumwelezea?"
Nikasema nilimwelezea. Uongo. Najichukia.

Jumatano, 12 Februari
Bado sijasema. Dukani Susu alinisifu kwa Abdi, mwenye duka. "Huyu ndiye daktari wetu."
"Daktari, basi njoo unipimie mbuzi," Abdi akasema. Wakacheka.
Njiani Susu alishika kichwa. Kinamuuma. Ni kosa langu.

Alhamisi, 13 Februari
Nimemwambia yote kabla ya chai. Kilichoniliza zaidi ni kwamba hakunigombeza. Alisema tu: "Na nimewaambia watu wa Mungu." Akameza dawa. "Jumapili utasema wewe. Mimi mdomo wangu umechoka."
Afadhali angenichapa.

Jumapili, 16 Februari
Nimesema. Sauti ilikuwa ndogo, wa nyuma wakaita, "Ongeza sauti!" Nikaanza upya. Hakuna aliyesema amina. Pasta akaanzisha wimbo.
Nje, mama mmoja alinivuta kando. Naye ameacha dawa zake tangu ushuhuda ule. Aliuliza kama anaweza kuzirudia tu hivi hivi.
Nikasema sijui. Kesho nitaenda naye tukaulize.