Flashi Yangu, Sauti Yako

Francine, saa nane mchana Moustapha, yule mtangazaji anayezunguka kwa baiskeli, amepita sokoni na megafoni: «Mutu aliyeokota flashi ya Aimée ailete leo kwa Mama Dorothée. Asipoleta, radi itamufuata!»

Hiyo radi ni ya shangazi yangu, Mama Dorothée. Nilimwambia radi ni umeme tu. Lakini kazi yangu ya mwisho wa chuo iko yote katika flashi hiyo, na kesho ninaitetea. Nikaacha itangazwe.

Baada ya tangazo, megafoni ikapiga muziki kama kawaida.

Sauti yako, Francine. SAUTI YAKO! Ule wimbo niliokurekodi ukifua nguo, unapopotea kwenye kiitikio. Uko katika flashi yangu tu, hakuna pengine. Wauza mihogo wakaanza kukuitikia.

«Moustapha, wimbo huu umeutoa wapi?» nikamuuliza.

«Niliokota ka-flashi mbele ya fotokopi, Tantine Aimée. Nikaona iko na muziki...»

Akatazama juu, kisha akamgeukia shangazi.

«Mama Dorothée, radi inakamata hata ule anaitangaza?»

«Jaribu uone.»

Ameichomoa ubavuni mwa megafoni kwa jani la mgomba, asiiguse, akaiweka chini.

Nimeifungua. Kurasa zote zipo. Na wewe upo.