Mama Asiyefunguliwa Mlango

Gitega

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi salama hapo Muyinga, na goti lako limepata nafuu. Maharage yameshatoa maua? Mimi ni mzima, ila nimechoka, Mama, hata kalamu naiona nzito.

Nilikwambia nawapikia watu wa filamu. Wanaigiza ile hadithi uliyotusimulia kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi: mama anawafungia watoto ndani, anakwenda kutafuta chakula, na akirudi anaimba ili wamfungulie. Zimwi linajifunza wimbo huo, linafunguliwa, linawala watoto. Hii si katuni, ni watu wenyewe, na nyumba wameijenga kwa udongo huko Gishubi. Ila Goreth, anayeongoza filamu, zimwi kaliondoa. Katika filamu yake, mama alikimbia vita akawaacha watoto, akarudi baada ya amani, na watoto hawaijui tena sauti yake.

Juma lililopita mwigizaji wa mama alikaukiwa sauti kwa mafua. Goreth alishanisikia nikiimba huku namenya ndizi, akaniomba nisimame mlangoni badala yake. Nilikataa, nikamwambia mimi ni mpishi. Alinisihi mpaka nikavaa kitenge kilichochakaa, nikaimba. Mara pikipiki inapita, mara wingu linafunika jua, na kila mara tunaanza upya. Ndani alikuwa binti mdogo wa hapo Gishubi. Alifundishwa kujibu, "Sikujui. Mama yangu hana sauti hiyo."

Jioni alisema tena maneno hayo. Nilikaa chini nikalia. Goreth alifurahi, akasema hivyo ndivyo alivyotaka. Yule mtoto akafungua mlango bila kuambiwa, akaniuliza kwa Kirundi kama nimeumia.

Sikuwa naigiza, Mama. Pasaka nilipokuja, Neema wangu, niliyekuachia umlee, aliniita shangazi, akajificha nyuma ya kitenge chako. Ulicheka ili nisiumie, nami nikacheka. Tulirudi kutoka Tanzania tukakuta shamba letu lina watu wengine, ndiyo sababu nilikuja kutafuta kazi huku. Sikujua kwamba mtoto naye hukua bila kukungoja.

Sasa Goreth anataka niende nao Bukirasazi wakamalizie filamu. Nimekataa, na jikoni nimemwachia mwenzangu. Narudi nyumbani. Kama ni kulima mashamba ya watu, tutalima pamoja.

Nisalimie kaka Eliya na mkewe, mama mdogo Beatrisi anayeuza dagaa sokoni, na mchungaji wetu ambaye hachoki kutuombea.

Neema usimfundishe la kusema. Nikifika, mwache anitazame kwanza, hata kutwa nzima. Akiniita shangazi, nitaitika.

Ni mimi mwanao,
Spesioza