Aya Nzima Bila Pumzi

Jumapili, 6 Aprili

Mama mpendwa,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kabla sijaishiwa na ujasiri: namwogopa Baba akilala. Sasa shikamoo. Mimi mzima. Habari za kazi huko ugenini?

Tangu aanguke kutoka jukwaa la ujenzi akipiga lipu ukutani, mgongo haumpi nafuu bila mofini, ile dawa kali ya maumivu. Siku hizi anakoroma, kisha kimya, mdomo wazi. Jana mchana alisinzia kitini nikiwa nasoma kando yake. Nilimaliza aya nzima kabla hajavuta pumzi tena, na aliivuta kama mtu aliyetolewa majini. Nilipomweleza alicheka, akasema hata injini hupumzika. Halafu akaacha kucheka, akaniomba nisimwambie daktari. Wakisikia watampunguzia dawa, naye hataki tena kutambaa kwenda chooni. Nikakubali. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Shuleni sina wa kumwuliza. Wenzangu huniita wakitaka majibu ya hesabu tu.

Binti yako

Jumamosi, 19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, ila miguu inawaka moto. Wazee ninaowatunza hapa hawajui siku ya mapumziko.

Usijitie hofu. Baba yako alikoroma hata usiku wa harusi yetu. Nilikuwa nampiga kiwiko, anageuka, maisha yanaendelea. Akisinzia mchana ni kwamba usiku halali vizuri. Namtumia vidonge vya usingizi kupitia mwenzangu wa kazini anayerudi huko nyumbani. Wazee wangu wakivimeza hulala fofofo. Mpe kimoja kila jioni. Nawe punguza vitabu, utafute rafiki.

Mama yako

Jumatatu, 12 Mei

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kimya changu. Baba yu hai.

Vidonge nilivipokea mwenyewe. Jioni ile nilikishika cha kwanza, nikaogopa: mtu anayeacha kupumua akisinzia tu, akizama zaidi itakuwaje? Nilimwambia Baba havijafika. Siku ya kliniki niliingia naye, nikaviweka mezani kwa daktari, nikaeleza yote. Daktari alisema mofini huufanya mwili usahau kupumua usingizini. Vidonge hivi juu yake vingeweza kumfanya asiamke.

Baba alitazama ukuta. "Mtoto wangu mwenyewe ameniuza," akasema.

Walimlaza wampime anavyopumua usingizini. Amepewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, na dawa inapunguzwa kidogo kidogo. Sikufichi, maumivu yamezidi. Namsikia akiuma shuka. Lakini akilala anapumua mpaka asubuhi. Mimi hajanisemesha tangu kliniki. Akitaka maji anagonga kikombe. Usijilaumu kwa vile vidonge, Mama, hukujua. Ila ukipata nafasi, mwandikie yeye.

Leo asubuhi nilimwekea chai, nikamwamkia. Hakuitikia. Nikaiosha barakoa kwa maji ya sabuni kama nilivyofundishwa, nikaianika dirishani, nikaenda shule.

Binti yako