Siku Bibi Yako Alipovunja Jiwe

Mjukuu wangu Neema,

Habari za Mwanza? Huku ughaibuni, Germantown, tu wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume, na Bibi yako hataki kumweka chini.

Umeniuliza nilimpendea nini Bibi. Nimecheka peke yangu, maana jibu ninalo!

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nasoma chuo kule Annandale. Jumamosi moja mwalimu alitufundisha kuchonga ncha za mikuki kwa mawe, kama watu wa kale wa nchi hii. Kando yangu alikaa msichana Mkenya, mhudumu wa wazee. Kufikia alasiri ncha yake ilikuwa nyembamba kama jani. Lilibaki pigo la mwisho, la kutoa mchirizi katikati, pale mti wa mkuki unaposhika. Pigo hilo ndilo linalovunja nyingi.

"Iache, dada, imeshapendeza," nikamwambia. Yangu nilikuwa nimeitia mfukoni, salama, bila mchirizi.

"Na mchirizi je? Wacha niipige."

Akapiga. Ikakatika vipande viwili. Neema, alicheka mpaka miwani ya kukinga macho ikamdondoka! Kisha akaokota jiwe jingine.

"Si mawe ni mengi hapa?"

Nikaitoa yangu mfukoni, nikapiga. Kibanzi kirefu kikaruka, mchirizi ukatokea safi kabisa! Darasa zima likashangilia, wakasogea kuitazama ile ncha.

Mimi nilikuwa namtazama yeye.

Nisalimie wote hapo nyumbani,
Babu yako