Viti vya Ngozi, Barabara ya Matombo

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mvua tangu alfajiri. Tumezibua makalavati manne kati ya Mkuyuni na Matombo, tope mpaka magotini. Mgongo si wangu tena.

Mchana madereva wakabishana magari. Gervas anaendesha lile jipya la mhandisi – viti vya ngozi, kiyoyozi, fowili ya kubonyeza kitufe tu, magurudumu yote manne yanavuta. Halidi ana pikapu kuukuu ya kubebea mawe. Fowili yake mpaka ashuke mvuani, afunge habu za magurudumu kwa mkono.

Gervas akasema hiyo si gari, mashine ya kukoboa, abiria anashuka pumba. Halidi akamjibu lako sebule, na sebule haipandi mlima, kaka! Shemeji Twalibu alicheka mpaka ugali ukampalia. Kamwoa dada yangu Zuhura. Mimi ndiye niliyemwita huku kutoka Newala.

Jumatano, 17 Aprili 2024

Saa nne gema limeporomoka. Jiwe limempiga Twalibu pajani. Mfupa – tuliusikia! Zahanati wamemfunga mbao. Damu inavujia ndani, wamesema, afike hospitali mjini leo hii.

Tukampakia kwenye pikapu. Haikwenda hatua ishirini, akapiga mayowe. Shemeji, bora uniue! Halidi akasema avumilie, hii inafika. Gervas akafungua mlango wake: mleteni huku, hatasikia hata shimo moja. Msimamizi akanigeukia. Wewe ndiye ndugu yake, sema.

Nikasema viti vya ngozi. Halidi akageuza, akaenda zake kubeba mawe ng'ambo ya mto.

Sasa saa tisa. Tumezama kwenye mteremko, hata Mkuyuni hatujaiona. Matairi ya gari hili ni ya lami, tumbo limelalia tope. Kitufe kinawaka, magurudumu yanazunguka bure. Nimechimba mpaka viganja vimechanika, nikazidi kulizamisha. Halidi nimempata kwenye simu: anarudi, ila yuko ng'ambo ya mto, na mto umejaa.

Zuhura kapiga mara tatu. Sijapokea. Niseme nini?

Nimeingia kukaa na mgonjwa. Humu ndani baridi safi, kimya. Midomo yake imepauka. Halii tena, na hilo ndilo linanitisha. Ameniuliza kama tumeshafika lami ya Bigwa, pale pa kuingilia mjini, mbona hasikii mashimo.

Nimemwambia ndiyo, lami tupu.

Anasema basi mwambie Gervas akanyage mafuta.