Bisibisi Ililia Ta!

Shoga uko wapi? Mwenzio leo nimeumbuka maabara mbele ya wageni.

Si unaijua ile mashine yangu, inayokandamiza mfupa wa plastiki uliofungwa bamba la chuma, mara laki moja, tuone kama skrubu zitashika? Imekandamiza mara arobaini na mbili. Arobaini na mbili! Skrubu ikachomoka, ikadunda hadi kwenye kiatu cha mgeni mmoja, daktari bingwa wa mifupa.

Bosi akanitolea macho. "Nani kakaza hii?"

Nikasema mimi, na bisibisi ililia ta! Haki ya Mungu ililia. Na ikilia ndiyo imebana, si ndivyo tulivyofundishwa?

Daktari akaiokota skrubu, akaigeuza kwenye mwanga. Meno yamelika upande mmoja. Akaniuliza kwa upole, "Ulitoboa bila kile kibomba cha kuongoza keekee, tundu linyooke?"

Nikakubali. Nilikuwa na haraka, nikaliamini jicho langu. "Lakini dokta, ililia."

"Kumbe hata skrubu ikiingia upande, bisibisi inalia," akasema.

Mimi nasubiri kutukanwa. Yeye akatoa simu, akapiga wodini: "Yule mama wa paja niliyemfunga bamba jana... msimsimamishe. Nasema asikanyage chini mpaka nifike."

Ameondoka mbio, hata koti kaliacha kitini. Na skrubu yangu ameenda nayo mkononi.